Kondoo Wanakonda na Nyasi Zipo: Utatuzi wa Matatizo kwenye Malisho ya Asili

Mwongozo huu ni wa mfugaji anayelisha kondoo kwenye nyasi za asili, zile zinazochipua kila mvua kutoka mashina yaleyale bila mtu kuzipanda: Kajiado, Kapiti, Laikipia, na ng'ambo ya mpaka Longido na Simanjiro. Utakuta Themeda triandra inayogeuka nyekundu ikikomaa, Cenchrus ciliaris yenye mkia wa manyoya, Eragrostis superba, Chloris roxburghiana, na ukoka unaotambaa chini.

Zamani mfugaji alihama, na huko kuhama ndiko kulikozipa nyasi nafasi ya kupumua. Alitenga pia kipande karibu na boma, Wamaasai wanakiita olopololi, kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Leo ranchi nyingi za kikundi za Kajiado zimegawanywa. Kila mtu ana hatimiliki na waya wake, na kundi lilelile linashinda kwenye ekari zilezile Januari hadi Desemba. Shida nyingi zinazofika kwa daktari wa mifugo kama ugonjwa zimeanzia hapo. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya dawa, piga magoti uangalie nyasi zilivyo chini, kwenye shina. Juu zinadanganya.

Dalili: nyasi zinafika magotini, kondoo mbavu zinahesabika

Hii ndiyo inayowachanganya wengi. Mimi huanza na kinyesi, kisha meno, kisha saa. Minyoo nayo iko kwenye orodha, lakini ina sehemu yake huko chini.

Okota kinyesi kibichi asubuhi, pale kundi lilipolala. Kondoo anayekula vizuri huangusha punje zenye unyevu, zinazobonyea ukizifinya. Ukikuta punje ndogo, kavu, ngumu, ukizipasua ndani mna vipande virefu vya nyuzi, jua kwamba nyasi hizo zinajaza tumbo tu. Nyasi za asili zikishatoa mbegu na kukaukia zimesimama, protini yake hushuka hadi kama asilimia 3 hadi 5. Vijidudu vya tumbo la kwanza vinavyomeng'enya nyuzi vinahitaji angalau asilimia 7 ndipo vifanye kazi. Vikikosa, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu, kondoo anahisi ameshiba, anaacha kula. Utamwona ana tumbo kubwa na mgongo uliochongoka. Huyo ukimnywesha dawa ya minyoo umetupa pesa.

Anachohitaji ni protini kidogo ya kuviamsha vile vijidudu. Kilicho karibu ni maganda ya mgunga yanayodondoka kiangazi: okota, weka kwenye magunia mahali pakavu, yaponde kabla ya kulisha, maana mbegu ngumu zikimezwa nzima nyingi hutoka zilivyoingia. Konzi mbili kwa kondoo kwa siku zinaleta tofauti inayoonekana. Lusani, majani ya lukina au majani ya kunde yaliyokaushwa nayo yanafaa. Tofali la kulamba lenye molasi na yurea linafanya kazi ileile, ila liwekwe chini ya paa. Mvua ikilinyeshea, maji yenye yurea yanakusanyika kwenye beseni, kondoo wanakunywa na wanakufa siku hiyohiyo. Na usilitoe kwa kundi lililolala njaa, kwa sababu halitalamba, litaguguna.

Sasa meno. Fungua midomo ya majike wakubwa. Kwenye ardhi ya mawe na nyasi fupi, meno ya mbele huisha mapema, na jike aliyebaki na mapengo hawezi kukata nyasi fupi hata ungempa malisho mazuri kiasi gani. Anakonda peke yake huku wenzake wamenona. Huyo ni wa kuuza kabla ya kiangazi, akiwa bado na bei.

Saa ndiyo watu hawaifikirii. Kondoo anahitaji takriban saa nane za kula kwa siku. Lakini kundi linafunguliwa saa nne asubuhi kwa sababu ya umande na mbwamwitu, linapelekwa mtoni kilomita kadhaa, linalala kivulini jua kali, na saa kumi na moja jioni liko bomani. Hesabu kweli alikula saa ngapi. Mara nyingi utapata tano, na nusu yake ametembea. Kusogeza maji karibu, au kuchelewesha kurudi kwa saa moja na nusu ikiwa usalama unaruhusu, hunenepesha kundi bila gharama nyingine.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa na kundi zima linadhoofika, wazia madini. Magadi ambayo kondoo wetu wanalamba yanawapa sodiamu lakini hayana kila kitu. Upande wa Nakuru, enzi za ukoloni, walowezi waliona mifugo ikidhoofika mbele ya nyasi tele wakauita ugonjwa huo Nakuruitis, mpaka ilipobainika kwamba ni upungufu wa kobalti. Nunua madini ya kondoo, yawe yameandikwa hivyo kwenye mfuko. Madini ya ng'ombe yana shaba nyingi kuliko ini la kondoo linavyoweza kustahimili. Inajikusanya kimya kimya kwa wiki au miezi, kisha siku moja unakuta macho ya njano na mkojo wa rangi ya divai. Ikifika hapo, wengi hawaponi. Kinyesi cha kuku kinachotumika kama chakula kinaweza kuleta balaa hiyohiyo ikiwa kuku hao walilishwa chakula chenye shaba.

Dalili: malisho yanageuka vipara, nyasi nzuri zinatoweka

Wengi husema ni ukame. Ukame upo, tena ule wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 ulimaliza mifugo na nyasi pamoja. Lakini angalia upande wa pili wa waya wa jirani, mvua ni ileile. Kama kwake kuna nyasi, kwako kuna shida nyingine.

Piga magoti kwenye shina moja la Themeda au Cenchrus. Kwanza, katikati yake: pakiwa na kijivu kilichooza na majani mabichi yamebaki pembeni tu kama pete, shina hilo linakufa. Pili, miguu yake: likiwa limesimama juu ya kidonge cha udongo na mizizi inaonekana, maji ya mvua yamekuwa yakisomba udongo kwa misimu kadhaa. Tatu, livute kwa mkono mmoja. Shina lenye afya litakukata vidole kabla ya kung'oka. Likitoka kirahisi, mizizi imefupika.

Kinachoifupisha ni kuumwa mara ya pili kabla ya kupona. Nyasi zikikatwa, hutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kutoa majani mapya, na wakati huo mizizi yenyewe husimama kukua. Majani mapya ya sentimita tatu nne ndiyo matamu kuliko yote, na kondoo, kwa mdomo wake mwembamba na mdomo wa juu uliopasuka, anaweza kuyafikia chini kabisa, mahali ambapo ng'ombe hawezi. Msimu wa mvua chipukizi hutokea ndani ya siku chache tu. Kondoo wakikaa sehemu moja wiki mbili, shina lilelile huumwa mara tatu au nne.

Basi kanuni mbili. Msimu wa mvua, kondoo wasizidi kama siku tano sehemu moja, na waondoke nyasi zikiwa bado na urefu wa sentimita kumi, kiasi cha kiganja. Wasirudi kabla ya siku 30 hadi 45, au kabla majani hayajafika kimo cha mwanzo. Ya pili ndiyo inayosahaulika: siku za kiangazi hazihesabiki kama mapumziko. Nyasi ambazo hazikui hazijirudishii chochote. Ukifunga kipande Julai hadi Oktoba, ukakifungua mvua ya vuli ilipodondoka tu, umekipumzisha sifuri. Afadhali ukifunge mvua inaponyesha, hata kama roho inauma kuona kijani kinakaa bure.

Kujua kipande kinabeba kondoo wangapi hakuhitaji mtaalamu. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe sehemu kama kumi bila kuchagua, kata nyasi zilizo juu ya kiganja, kausha, pima kwa mizani ya jikoni. Tuseme wastani ni gramu 50. Ekari moja ina karibu mita za mraba 4,000, hivyo una kilo 200. Nusu itakanyagwa, itachafuliwa au itaachwa, zinabaki 100. Kondoo wa kilo 35 hula takriban kilo moja ya nyasi kavu kwa siku. Kondoo 40 watamaliza ekari hiyo kwa siku mbili na nusu. Hesabu hii huwashtua watu, na ni afadhali ishtue kwenye karatasi.

Vipara vya duara vyenye vishimo na vipande vya nyasi vilivyokatwa mlangoni ni vya mchwa wavunaji, na huwa wengi zaidi pale ambapo nyasi zimeshachakaa. Ukiwamwagia sumu bila kupunguza malisho utawaona tena. Nyasi zilizotafunwa usiku mmoja zikabaki mishipa, mwanzoni mwa mvua, ni kazi ya viwavijeshi. Toa kondoo na umjulishe afisa kilimo mapema.

Dalili: hapa nyasi ndefu za kizee, pale uwanja wa mpira

Kondoo ni mchaguzi. Akishaonja kipande kifupi hukirudia kila siku, na Themeda iliyosimama kavu pembeni yake haigusi. Matokeo ni ardhi yenye madoa, na hasara iko pande zote mbili, maana hata nyasi zisizoguswa miaka mingi hujifunika kivuli zenyewe na kufa kutoka katikati.

Tatizo hapa ni ukubwa wa eneo kwa kundi. Gawanya, hata kwa mchungaji badala ya waya. Na kama una ng'ombe, watangulie wao: ulimi wa ng'ombe unachota nyasi ndefu, kondoo wanafuata nyuma. Moto ni njia ya zamani na Themeda inaustahimili, lakini kwenye malisho yaliyokwisha kuchakaa usiuwashe, na kokote kule pata ruhusa na majirani kwanza.

Dalili: uvimbe chini ya taya, kope nyeupe, kondoo anabaki nyuma

Hii ni minyoo, na mara nyingi ni Haemonchus contortus, anayenyonya damu kwenye tumbo la nne. Vuta kope la chini uangalie rangi kwenye mwanga wa jua. Wekundu ni salama, waridi hafifu ni onyo, weupe ni dharura. Wenzetu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hiyo, inaitwa FAMACHA, na ukiipata inasaidia kuondoa ubishi.

Uhusiano na nyasi ni huu: mayai yanatoka na kinyesi, kwenye joto na unyevu yanageuka viluwiluwi vya kuambukiza kwa takriban wiki moja, na viluwiluwi hivyo hukaa zaidi sentimita chache za chini za majani. Kondoo anayelazimika kula hadi ardhini anakula minyoo. Ule urefu wa kiganja unalinda shina na mnyama kwa pamoja. Mapumziko nayo yanasaidia, kwa sababu kwenye joto viluwiluwi huishiwa nguvu ndani ya wiki kadhaa. Kwenye baridi ya nyanda za juu huvumilia zaidi.

Usinyweshe kundi zima kila mwezi. Ukifanya hivyo unabakiza minyoo sugu pekee. Nyweshea wenye kope nyeupe, pima uzito usikisie, na anayerudi na kope nyeupe mara kwa mara msimu mmoja muuze. Hapa mbegu ya kondoo ina uzito wake. Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini kwa kuchanganya aina mbili za kondoo, Dorset Horn na Mwajemi wa kichwa cheusi, anakua haraka na wanunuzi wanampenda. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mdogo, lakini utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha wazi anavyohimili minyoo na kuishi pale ambapo Dorper hufa. Kwenye nyanda kavu tofauti hiyo hupungua. Mimi sioni aibu ya kondoo chotara kwenye malisho yenye unyevu. Naona aibu ya Dorper safi asiye na damu.

Dalili: vifo vya ghafla mvua ikianza

Uliza kwanza nani amekufa.

Ikiwa ni wana-kondoo walionona kuliko wote, wamekutwa asubuhi wamelala kichwa kimepinda nyuma, shuku sumu ya utumbo inayosababishwa na bakteria Clostridium perfringens aina D. Huishi tumboni siku zote. Mnyama akihama ghafla kutoka nyasi kavu kwenda majani laini tele, huongezeka na kumwaga sumu. Chanjo ipo, hutolewa mara mbili mwanzoni kisha kurudiwa, na ifanyike kabla ya mvua. Wape pia nyasi kavu kabla ya kuwafungulia siku za kwanza, na wakae saa chache tu.

Ikiwa wamekufa wakubwa kwa wadogo ndani ya saa moja au mbili baada ya kuingia mahali penye ukoka mkubwa au mtama uliochipua baada ya ukame, wakihema kwa nguvu na damu yao ni nyekundu ya kung'aa, hiyo ni sianidi. Toa waliobaki mara moja, mpigie daktari wa mifugo. Chipukizi hizo zisiliwe na kundi lenye njaa.

Ikiwa wanaokufa ni wageni tu, wale ulionunua kutoka maeneo makavu ya kaskazini, na wenyeji hawana neno, nyasi hazina kosa. Fikiria ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, virusi vinavyoenezwa na kupe wa masikio, uliogunduliwa karibu na mji huo mwaka 1910. Homa kali, makamasi, kuhara, majike wanatupa mimba. Kondoo waliokulia kwenye kupe hujenga kinga tangu utoto, wageni hawana. Nunua kondoo kutoka eneo lenye kupe kama lako.

Kuhara majani mabichi wiki ya kwanza ya mvua bila homa na bila kukonda si ugonjwa. Nyasi zina maji mengi na nyuzi kidogo. Toa hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, subiri.

Dalili: anazungukazunguka, anagonga waya

Watu hulaumu majani ya sumu. Karibu na mipaka ya Longido na Monduli ugonjwa huu unaitwa ormilo, na chanzo chake kinachojulikana sana ni mfuko wa maji ubongoni, hatua changa ya tegu wa mbwa. Mbwa anakula kichwa cha kondoo, anabeba tegu, anakunya malishoni, kondoo anakula mayai pamoja na nyasi. Choma au zika vichwa, na mbwa wapewe dawa ya tegu. Kuhamisha kundi hakutasaidia ikiwa mbwa wanahama nalo.

Dalili: macho yanatoa machozi, ngozi ina vidonda

Mbegu za nyasi za Aristida na Heteropogon contortus zina ncha kali zinazojisokota hadi ndani ya ngozi. Lisha sehemu hizo mapema kabla hazijachanua, au ziache mpaka mbegu zianguke. Masikio na uso vikivimba na kuchubuka juani, tafuta Lantana camara, kichaka chenye sumu kwa kondoo, kwenye uzio.

Dalili: umepanda mbegu za asili, hazioti

Mbegu mpya mara nyingi hulala. Zilizovunwa msimu huu zihifadhiwe miezi kadhaa pakavu ndipo zipandwe. KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Kiboko, kaunti ya Makueni, wamefanya kazi kubwa na Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus na Chloris roxburghiana, na kiwango kinachotumika sana ni takriban kilo mbili kwa ekari.

Kosa la kawaida ni kuzizika. Mbegu ni nyepesi. Ikizidi sentimita moja au mbili chini haitoki. Kosa la pili ni kumwaga juu ya udongo uliofunga ganda, mvua inazisomba zote hadi bondeni. Chimba makinga maji ya nusu duara, mgongo upande wa chini wa mteremko, changanya mbegu na mchanga au samadi kavu ili zitawanyike sawa, funika kwa tawi la miiba, na fanya hivyo kabla mvua haijafika.

Halafu weka kondoo mbali. Msimu wa kwanza vuna mbegu na ukate hei kwa mkono. Kabla ya kufungua, vuta mashina machache sehemu tofauti. Yakitoka na mizizi, kipande hicho kinasubiri msimu mwingine.